Nina presha, bima ya kazini wanataka nipimwe: niseme ukweli au nijaze hapana?

Shikamoo dada. Naomba unisaidie mawazo maana nimekaa na hii fomu kwenye droo wiki ya tatu sasa, kila nikiitoa naisoma kidogo naifunga tena.

Mi ni mwanaume wa miaka 44, nina mke na watoto watatu, nafanya kazi kampuni ya usafirishaji hapa Dar, tuko wafanyakazi kama 180 hivi. Mwezi wa pili nilipandishwa cheo nikawa meneja, mshahara ukatoka 2,100,000 ukaenda 4,500,000, namshukuru Mungu. Sasa kwenye mkataba wetu kuna bima ya maisha ya kundi, ukifariki ukiwa mtumishi wa kampuni familia inalipwa mishahara ya miaka mitatu. Miaka yote nilikua nasikia tu ipo, sijawahi kujaza kitu zaidi ya jina la mrithi siku naajiriwa 2014, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za afya yangu. Ghafla baada ya cheo dada wa HR ananiletea bahasha, ndani kuna fomu ya kurasa sita imejaa maswali ya magonjwa na barua ya kwenda hospitali kupimwa damu, mkojo na moyo, wameandika kiasi changu cha bima kimezidi kikomo cha milioni 100 ndo maana wanataka vipimo. Akaniambia ukishajaza nirudishie hapa mezani.

Shida ni kwamba nina presha. Iligundulika miaka mitatu iliyopita, nilimpeleka mtoto hospitali nikasikia kizunguzungu pale pale, nesi akanipima akakuta 168 kwa 104, akanikalisha kwenye benchi akanikataza nisiendeshe gari. Tangu hapo natumia amlodipine kila usiku na iko sawa kiasi. Kazini hakuna anayejua. Baba yangu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 58 na ofisini walikuja msibani, so nikisema na mimi nina presha watajumlisha wenyewe. Naogopa bosi ataona hiki cheo kampa mtu ambaye kesho keshokutwa anaanguka.

Rafiki yangu wa karibu ananiambia nisiwe mjinga, niandike hapana kila swali, wiki nzima niache chumvi ninywe maji mengi na juisi ya rozela, siku ya kipimo nimeze dawa mara mbili presha itashuka. Mwingine anasema nisiirudishe kabisa, watasahau.

Alafu kuna hili. Mwaka jana tulimzika mhasibu wetu mkuu. Mshahara wake ulikua 3,800,000, mke wake mwenyewe alituambia, tukapiga hesabu miaka mitatu ni 136,800,000. Mjane akapewa milioni 100 kamili. Hadi leo ndugu wa marehemu wanaamini kuna watu ofisini wamekula ile 36 na laki nane. Sasa mi najiuliza kama mwisho wa siku ndo hivyo, nijitoboe sindano ya nini?

Na nasikia wanapima ukimwi pia. Sina sababu ya kuogopa sana lakini sijapima tangu mtoto wa mwisho azaliwe, na hilo wazo la majibu kupita kwenye meza ya HR linaninyima usingizi. Mke wangu nae anasema nisipopima watafuta na kadi ya bima ya afya tunayotibia watoto. Naona kila mtu anajua kitu isipokua mimi. Kwa kukumbuka tu, yule mrithi niliyemwandika 2014 ni mama yangu, nilikua sijaoa, na mama alitangulia mbele za haki 2019.

Nifanye nini dada? Wakinikuta na presha wataninyang'anya bima yote? Na kazi je?

Baba wa Watatu, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera ya cheo. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nilikua nairudia ile hesabu ya mjane, na ntaanza na hiyo kabla ya presha yako kwa sababu imebeba majibu ya karibu kila ulichouliza.

Alipewa milioni 100 kamili. Na barua uliyoletewa wewe inasema kikomo ni milioni 100. Umeziona hizo namba mbili? Nimekaa kwenye kampuni za bima miaka 17, sita ya mwanzo dawati la madai na iliyobaki upande wa kupokea fomu kama hiyo yako na kuamua mtu anakubaliwa vipi, kazi ambayo ofisini tunaiita uandaraita, na nikiona familia imelipwa namba iliyonyooka namna hiyo, inayolingana sawasawa na kikomo cha kundi, kitu cha kwanza kinachonijia kichwani ni kwamba marehemu alipelekewa fomu kama yako ikabaki kwenye droo. Sijui droo ya nani. Inawezekana ya kwake, inawezekana ya HR, hapo ntarudi. Ila nakuomba uliweke akilini maana wewe saivi uko pale pale alipokua yeye, na fomu yako ina wiki tatu.

Sasa twende taratibu. Bima ya kundi kwa nini hawakukuuliza kitu 2014? Ni kwa sababu kampuni ya bima haikukuandikisha wewe, iliandikisha kundi zima. Mtu anayeenda mwenyewe kukata bima ya maisha anaweza kuwa ameenda kwa sababu daktari kamwambia jambo jana yake, ndo maana yeye anaulizwa kila kitu kuanzia shilingi ya kwanza. Lakini nyinyi 180 mliingia wote kwa sababu ya ajira tu, vijana wa mizigo na wazee wa ofisini, wazima na wagonjwa, hakuna aliyechagua, kwa hiyo wagonjwa wachache wanabebwa na wazima wengi na hesabu inakaa. Hapo kampuni ya bima inaangalia idadi yenu, umri wenu, mishahara yenu, inasema sawa, mpaka kiasi fulani kwa kila kichwa simuulizi mtu chochote. Kundi likiwa kubwa kikomo kinapanda, likiwa dogo la watu kumi na tano hivi kinaweza kuwa kidogo sana. Kwenu wamesema milioni 100.

Ulipokua na mshahara wa 2,100,000 miaka mitatu ilikua 75,600,000, uko chini ya kikomo, hakuna wa kukusumbua. Saivi 4,500,000 mara miezi 36 ni milioni 162. Umezidi kwa milioni 62. Fomu yote hiyo, damu yote hiyo, moyo wote huo unaopimwa, ni kwa ajili ya hiyo milioni 62 peke yake. Milioni 100 ya chini tayari ni yako, hawaigusi, hawaipimi, na wakikukuta na presha hawainyang'anyi. Hata ukifariki kwa hiyo hiyo presha uliyonayo, kwa kawaida bima ya kundi chini ya kikomo inalipa, haiulizi ugonjwa ulianza lini. Sharti lake kubwa ni moja tu ambalo watu wengi hawalijui, kwamba siku bima inaanza au inaongezeka uwe upo kazini unafanya kazi yako kama kawaida, usiwe kitandani au kwenye likizo ya ugonjwa, ukiwa likizo ya ugonjwa basi nyongeza inasubiri mpaka siku unarudi kazini. Wewe ulipandishwa cheo ukiwa mzima kwenye kiti chako, hilo limepita.

Kwa hiyo yule rafiki aliyekwambia usirudishe watasahau, yuko sahihi kabisa kwamba watasahau. Watasahau na kiasi chako kitabaki milioni 100, mshahara utapanda tena na tena, kwenye mkataba wa ajira panaendelea kusomeka miaka mitatu, na siku ya siku mkeo atapiga hesabu kama mlivyopiga nyie, atapewa milioni 100 kamili, na ndugu zako watasema HR wamekula. Sioni namna nyingine ya kuliweka hili jambo.

Na yule wa pili, wa kuandika hapana kila mahali, huyo ndo nataka nikae nae kidogo maana ushauri wake nimeuona mwisho wake kwa macho. Kuna faili moja nililishika nikiwa dawati la madai, sitasema kampuni wala mwaka. Marehemu alikua na miaka 51. Kwenye fomu yake pale kwenye swali la je umewahi kuambiwa una shinikizo la damu alitia tiki kwenye hapana, kalamu ya bluu, alikandamiza mpaka karatasi ya nyuma ilikua na alama. Cheti cha kifo kikaandika kiharusi. Kifo cha kiharusi cha mtu wa miaka 51 aliyesema hajawahi kuwa na presha, ofisi yoyote itaomba faili la hospitali, na kwenye fomu yenyewe karibu na sahihi kuna aya unaruhusu madaktari wako watoe taarifa zako, watu wanasaini bila kuisoma. Faili likaja, ndani kuna kadi ya kliniki ya presha imeandikwa tarehe kumi na mbili tofauti, zote kabla ya ile tiki. Familia ikalipwa mpaka kikomo na kile cha juu kikakataliwa, na kwenye sheria ya bima kampuni ilikua na haki hiyo kwa sababu mkataba wa bima unasimama kwenye ukweli wa anayejaza. Mjane alikua ameshika ile kadi ananiambia lakini dada dawa alikua anakunywa kila siku, na ni kweli alikua anakunywa, angeandika tu hivyo hivyo angekubaliwa. Hicho ndo kilichoniuma na bado kinaniuma. Hakuficha ugonjwa mbaya, alificha presha ya vidonge ambayo sisi tulikua tunaipitisha kila wiki.

Sasa swali lako, wakikuta presha inakuaje. Mtu anayesoma fomu yako hasomi neno presha akafunga faili. Anataka kujua iligundulika lini, ilikua ngapi, unatumia dawa gani, miezi ya karibuni inasoma ngapi, unavuta sigara au la, uzito wako na urefu, figo ziko salama, moyo uko salama, wazazi walikufa na umri gani na kwa nini. Presha ya miaka mitatu, dawa moja, inasoma chini ya 140 kwa 90, figo nzuri, hiyo mara nyingi inakubaliwa kama ilivyo au inawekewa nyongeza ndogo ya malipo ya bima. Kiharusi cha baba akiwa na miaka 58 watakiangalia pia lakini peke yake si kitu cha kukuangusha. Presha ikiwa juu juu hivi haijatulia wanaweza kusema tunaahirisha miezi mitatu au sita, katibiwe kwanza urudi, kipindi hicho unabaki na milioni 100 yako. Kukataliwa kabisa hiyo sehemu ya juu kupo, lakini ni kwa mambo mazito, figo zimeshaharibika, saratani iliyo kwenye matibabu, mshtuko wa moyo wa majuzi, na hata huyo aliyekataliwa anabaki kwenye kikomo kama mwenzake mzima.

Nyongeza yenyewe nikupe mfano uone ukubwa wake maana watu wakisikia nyongeza wanadhani ni nusu ya mshahara. Tuseme kundi lenu linalipiwa shilingi 4 kwa kila shilingi 1,000 ya bima kwa mwaka, namba ya mfano tu hiyo. Milioni 62 yako ya juu ni 248,000 kwa mwaka. Wakikuwekea nyongeza ya asilimia 50 ni 124,000 kwa mwaka, kama elfu 10 na kidogo kwa mwezi. Kampuni nyingi za waajiri zinailipa zenyewe, chache zinamuuliza mfanyakazi alipie au abaki kwenye kikomo, uliza kwenu utaratibu ni upi. Ukiambiwa ulipie wewe, mdogo wangu lipa, elfu 10 kwa mwezi kwa milioni 62 ya watoto watatu.

Habari ya HR na bosi. Hofu yako naielewa na hapa una haki ya kuwa mkali. Fomu ya afya ni baina yako na kampuni ya bima, kwa utaratibu mzuri inakwenda kwenye bahasha iliyofungwa, imeandikwa siri, kwa daktari au andaraita wa kampuni ya bima, na vipimo hospitali inavituma moja kwa moja huko huko. Mwajiri anarudishiwa uamuzi tu, fulani amekubaliwa milioni 162, au amekubaliwa kwa nyongeza ya kiasi hiki, au amebaki kwenye kikomo. Ugonjwa haumo kwenye hiyo barua. Yule dada kukwambia nirudishie mezani pengine hana nia mbaya, wengi wanazikusanya pamoja ili broka, yaani dalali wa bima, akija achukue zote, lakini wewe ifunge kwa gundi, saini juu ya mkunjo wa bahasha, au muombe anwani ya imeili ya kitengo cha kundi kwenye kampuni ya bima uitume mwenyewe. Akikataa muulize kwa upole anaihitaji iwe wazi kwa kazi gani. Taarifa za afya kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023, ni taarifa nyeti, hazisomwi na kila mwenye droo. Ni kweli kwamba bosi akiona neno nyongeza anaweza kuhisi kuna kitu, siwezi kukudanganya kwamba haiwezekani, lakini kuhisi ni mbali na kujua, na uwezo wako wa kazi hauamuliwi na kampuni ya bima. Isitoshe usidhani uko peke yako mwenye presha pale ofisini, wapimeni wote mtaona.

Vipimo vya ukimwi, ndio, kwa kiasi kama chako kipimo cha VVU kwa kawaida kimo, pamoja na sukari, mafuta, ini, figo, mkojo na ECG, yaani kile kipimo cha moyo. Hawakupimi VVU kimya kimya, unasaini ridhaa yake peke yake na kuna ushauri nasaha kabla na baada, hiyo ipo kwenye Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008, na majibu yanabaki kwa daktari, hayapiti kwa mwajiri. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa hali ya VVU. Kama una wasiwasi kapime kwanza peke yako kituo chochote cha afya, ukae na jibu lako kabla ya kwenda kwa hao, wengi nimewashauri hivyo na usingizi ukarudi. Na ikitokea ndiyo, siku hizi yapo makampuni yanayomkubali mtu aliye kwenye ARV vizuri virusi vimeshuka, kwa nyongeza, zamani lilikua jambo la kukataliwa moja kwa moja.

Mama watoto mwambie atulie. Kadi ya kutibia watoto ni bima nyingine kabisa, mkataba mwingine, haina mahali inapokutana na fomu hii.

Sasa siku ya kipimo. Dawa mara mbili usithubutu. Amlodipine inakaa mwilini muda mrefu, ukiidabo presha haishuki vizuri kwa ajili ya siku moja, unachoweza kupata ni kizunguzungu na kuvimba miguu na daktari anaviona. Wala usiiache ili uonekane huitumii. Meza kama kila siku. Juisi ya rozela na maji mengi hayabadilishi kipimo cha moyo, hayabadilishi figo, na kile kipimo cha sukari kinachoitwa HbA1c kinaangalia wastani wa kama miezi mitatu nyuma kwa hiyo wiki moja ya kujinyima hakioni kitu. Kinachosaidia ni vitu vidogo ambavyo hakuna anayewaambia watu. Nenda asubuhi kabla foleni ya Mandela haijakuvuruga, uliza kama wanataka ufunge, mara nyingi ni kukaa masaa 8 mpaka 12 bila kula, maji matupu unakunywa. Nusu saa kabla usinywe kahawa usivute sigara. Kojoa kwanza, kibofu kikijaa presha inapanda. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano kimya, miguu yote miwili chini usiikunje, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee wakati mashine inavuta, na simu ya ofisini iache kwenye gari. Ikisoma juu mwombe daktari arudie baada ya dakika kumi na aandike zote, ni jambo la kawaida kabisa, wako watu presha yao inapanda kwa kuona tu koti jeupe na tunawajua.

Na fanya hivi wiki hii kabla ya kwenda. Kama una mashine nyumbani au duka la dawa jirani linapima, pima asubuhi na jioni siku saba, andika kwenye karatasi na tarehe. Pitia kliniki yako daktari akuandikie barua ya aya moja tu, amegundulika lini, dawa gani, presha ya mara tatu za mwisho ngapi, majibu ya figo kama yapo. Ambatanisha vyote na fomu. Hiyo barua moja inaokoa wiki tatu za sisi kuandikiana na hospitali, na mimi nilipokua nasoma faili la mtu mwenye presha aliyeleta kumbukumbu zake mwenyewe nilikua namuona mtu anayejitunza, na ndivyo alivyo. Vipimo walivyoomba wao kwa kawaida wanalipa wao, usitoe hela mfukoni kabla hujauliza, ila barua ya daktari wako na hivyo vya duka la dawa ni vyako. Na usikae navyo, majibu yakizeeka miezi kadhaa wanaomba upya. Kipindi hiki wanachochambua bado bima yako ni milioni 100, baadhi ya makampuni yanakupa ile ya juu kwa kifo cha ajali tu wakati unasubiri lakini sio yote, kwa hiyo kila wiki ya droo ni wiki milioni 62 haipo.

Ukikubaliwa omba nakala ya barua ya uamuzi. Watu hawaiombi. Bima ya kundi ni ya mwaka mmoja mmoja, mwajiri anaweza kuitangaza tenda mwakani akahamia kampuni nyingine, na kampuni mpya mara nyingi inakubali kuendelea na aliyeshakubaliwa mwanzo bila kumpima tena, ila inataka ushahidi. Nimeona watu wanapimwa upya wakiwa wameshaugua katikati, kisa barua ya zamani haionekani popote. Na uliza pia wamekukubali mpaka kiasi gani cha mbele, maana wengine wanakupa nafasi ya mshahara kupanda kidogo kidogo bila kukurudisha hospitali kila mwaka.

Nirudi kwa yule mjane kama nilivyoahidi. Mimi sijaliona faili, lakini kama mna mawasiliano nae mwambieni aandike barua kwa kampuni, aombe vitu viwili: barua ya kampuni ya bima iliyoonyesha marehemu alikua na bima ya kiasi gani, na ushahidi kwamba marehemu alipelekewa ile fomu. Kama alipelekewa akaiacha, itauma lakini atajua hakuna aliyemuibia, na ndugu wataacha kuwatazama watu wa HR kwa jicho lile. Kama hakupelekewa kabisa, habari inabadilika, kwa sababu mkataba wake wa ajira ulimuahidi miaka mitatu na haukumwambia habari ya kikomo, hapo ana hoja kwa mwajiri na atafute mwanasheria wa mambo ya kazi aisome hiyo mikataba miwili. Kama tatizo liko kwa kampuni ya bima yenyewe, aanze na malalamiko ya maandishi kwao, wasipomjibu vizuri kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya 2009, na kuna TIRA wanaosimamia makampuni. Asichelewe, mambo ya madai yana muda.

Kuna jambo umelitaja mwishoni kama kitu kidogo na mimi naona ndo la kwanza kulifanya, hata kabla ya presha. Mrithi wako kwenye karatasi ni mama, na mama hayupo. Maana yake leo hii ukiondoka hata ile milioni 100 ambayo haina ubishi itaanza safari ya kikao cha ukoo, mahakama, msimamizi wa mirathi, kaka zako na mke wako wakitazamana, miezi na pengine miaka, na watoto wanadaiwa ada. Fomu ya mrithi ni ukurasa mmoja, haina sindano. Siku unampelekea yule dada bahasha yako iliyofungwa mwambie akupe na hiyo fomu ya mrithi hapo hapo, andika majina kama yalivyo kwenye vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, gawa asilimia zifike 100, kwa watoto walio chini ya miaka 18 andika nani atawashikia. Mwombe agonge muhuri wa kupokelewa na tarehe, piga fotokopi mbili, moja ikae na barua yako ya ajira na nyingine mpe mama watoto mkononi, umuonyeshe na kabati utakaloiweka ile ya kwako.